Utando wa Mzee Ramadhani

Majengo, Nyeri
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, vaa miwani, kaa kwenye kigoda chako cha jikoni, na usimpe kaka Juma akusomee. Ninamjua, ataanza kutoa hukumu hajafika katikati. Hii ni yako peke yako.

Goti linaendeleaje? Ule mkaja wa goti niliokutumia unaufunga, au umeukunja ukauweka kabatini kusubiri wageni? Na mvua huko Kinango imekumbuka njia, au bado mnaangalia mawingu yanapita kwenda kwa wenzenu? Mbuzi wangu yule mwenye sikio moja yuko hai? Nijibu yote, hata kama majibu ni mabaya.

Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Juzi uliniuliza kwenye simu, "Mishi, mbona sauti imekufa?" nikakwambia mafua. Sikuwa na mafua, Mama. Nilikudanganya, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Haya ninayokwambia ningeyasema kwa simu ningelia, na wewe ungelia, na tungekata simu hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Baridi ya mwezi wa saba hapa Nyeri ni adhabu. Ukungu unakaa mpaka saa tano, jua linatoka dakika kumi kisha linajuta. Navaa soksi mbili, najifunga leso ndani ya koti, na bado vidole vinakufa ganzi nikishika vyombo. Kliniki yetu iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe, na kila asubuhi nikifika juu nasimama kwanza nipate pumzi. Siku sita kwa wiki naosha vyombo, nachemsha vyombo, nashika taa, nashika mate ya watu. Alhamisi tunakwenda Tetu, kwenye ukumbi wa kanisa, tunawaketisha wakulima wa chai kwenye viti vya plastiki na kuwaangalia vinywa. Watu wema kabisa. Wanakuja na maziwa ya asubuhi kutupa zawadi. Lakini wote wana neno moja: "Ng'oa tu, daktari. Hii imeshakataa kukaa." Daktari Nyambura, huyo ndiye mkubwa wangu, anabembeleza, anaeleza, mwisho anang'oa. Mpaka jioni ndoo imejaa meno mazima.

Nasema mazima kwa sababu hayana hata tundu. Ugonjwa wa fizi ndivyo ulivyo, na ndio uliomaliza meno ya bibi, ingawa sisi tulisema ni uzee. Ukoga wa meno unashuka chini ya ufizi, ufizi unavimba na kutoa damu, na kule ndani mfupa unaoshika jino unaliwa polepole, bila maumivu. Siku utakaposhtuka, jino linacheza. Na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Sasa tangu mwaka jana kuna watafiti wa chuo kikuu kimoja wanatuletea kitu kipya, wanakijaribu kwa wagonjwa watakaokubali, bila malipo. Daktari anafunua ufizi, anasafisha, lile shimo lililoachwa na mfupa analijaza chembechembe za mfupa zilizotengenezwa maabara, halafu anafunika kwa utando mwembamba kama ule ulio ndani ya ganda la yai. Maana nyama ya ufizi huota haraka na mfupa huota taratibu. Usipoweka kizuizi, nyama inajaza shimo na mfupa unakosa pa kukaa. Ni kama wewe unavyozungushia miba kitalu cha mchicha kuku wasitangulie. Utando wenyewe umetiwa dawa ya kuuita mwili uje ujenge, na baada ya miezi kadhaa unayeyuka. Nimeona picha za kabla na baada, Mama. Mfupa umerudi. Mara ya kwanza nilipoona nilisema subhanallah kwa sauti, Daktari akacheka.

Huo utando hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama. Shika hapo.

Mzee Ramadhani nimeshakutajia, ndiye mwenye ploti ninayopanga. Ni Mkikuyu, babu yake alisilimu zamani, na amezaliwa hapa hapa Majengo. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwake, na ndiye muadhini wa msikiti wetu tangu akiwa kijana. Nilipofika hapa miaka minne iliyopita, sijui mtu, nimevaa ndara kwenye baridi hii, yeye na mkewe Bi Zuhura ndio walionipokea. Alinitazama miguu akasema, "Huyu mtoto wa watu atakufa," akamtuma mkewe aniletee viatu vyake. Hajawahi kuniita mpangaji. Ananiita "msichana wetu".

Meno yake ya mbele ya juu yalianza kucheza. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya kukata uzi kwa meno, nikamwambia uzi haujasaidia lakini ugonjwa ni fizi. Kilichomuuma si kula. Alikuwa anashindwa herufi za adhana. Ile fa ya "falah" inataka meno ya juu yakae sawa juu ya mdomo wa chini, na yake yalikuwa yanakimbia, hewa inapita pembeni. Siku moja baada ya adhana vijana wawili walicheka. Alirudi barazani akakaa kwenye cherehani bila kuiendesha, akaniambia, "Mishi, hii meno ikitoka, nitawaachia wengine. Mtu hawezi kuita watu kwa Mungu kama anapuliza chai." Alisema kama mzaha, lakini macho yake hayakucheka.

Mimi ndiye niliyemshawishi. Wiki nzima nilimwandama, nikamweleza utando na chembechembe. Akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo ngozi ni ya mnyama gani?"

"Ya ng'ombe," nikasema.

"Si nguruwe? Kwa redio walisema dawa mingi iko na nguruwe."

"Ng'ombe, Mzee. Nimefungua maboksi yale kwa mikono yangu."

Na kweli, Mama, nilikuwa nimeyafungua. Yote yaliyokuja mwanzo yalikuwa ya ng'ombe, imeandikwa ubavuni. Siku ya kazi yenyewe, amelala kwenye kiti, taa iko usoni, akanishika mkono. "Mishi, mimi si mtu ya kuogopa sindano. Mimi naogopa kuulizwa. Ni ng'ombe?" Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na haraka, kwa kuwa Daktari ameshavaa glavu, kwa kuwa nilitaka apone, nikasema, "Wallahi ni ng'ombe."

Boksi la siku ile sikulisoma. Lilikuwa na rangi ile ile, ukubwa ule ule. Nililipasua, nikampa Daktari kilichomo, nikabandua ile lebo ndogo ambayo lazima ibandikwe kwenye faili la mgonjwa, nikaibandika. Kichwa chini miguu juu. Nikaenda kuosha vyombo.

Akapona vizuri ajabu. Miezi minne meno yakashika. Adhana ya alfajiri ikawa inakuja kwenye dirisha langu imenyooka, kila herufi mahali pake, nami ndani ya mablanketi najisifu moyoni kwamba na mimi nina mkono wangu mle. Bi Zuhura alikuwa akinisimamisha njiani kunishukuru. Mzee akanishonea koti zito la sufi, akakataa nimlipe hata uzi.

Halafu watafiti wakaomba tunakili lebo za wagonjwa wote. Nikakaa na mafaili, nageuza moja baada ya jingine, nikafika kwa Mzee Ramadhani. Nikaligeuza faili ili nisome ile lebo. Neno lilikuwa dogo, la Kiingereza. Ilikuwa ngozi ya nguruwe.

Nilisoma mara tano. Nikapeleka faili dirishani. Kumbe shehena ya mwanzo iliisha, bandarini ikachelewa nyingine, wakatutumia ya kampuni ile ile lakini aina tofauti, na kwenye karatasi wanayosaini wagonjwa imeandikwa "asili ya mnyama" basi, mnyama gani hawakusema. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo linalouma, huna hata wa kumkasirikia.

Nilimpelekea Daktari Nyambura. Akashika kichwa. Ni Mkristo, kwake nguruwe ni nyama ya Krismasi, haikumjia kabisa kuuliza. Akasema, "Mishi, hiyo kitu imeshayeyuka. Hakuna kitu atatoa. Ukimwambia, unampea tu mzigo."

"Lakini aliniuliza, Daktari."

"Najua. Haki najua. Niliskia." Akakaa. Na yeye amechoka, Mama, watu hawajui. Mwisho akasema, "Basi niende mimi. Mimi ndio daktari."

Nikamwambia hapana, aliyeapa ni mimi.

Na sikwenda.

Wiki tatu, Mama. Wiki tatu nzima. Nikawa natoka kwa mlango wa nyuma, napita kwenye matope ya mfereji, ili nisipite barazani kwake. Nikikutana naye namsalimia huku natembea. Chakula hakishuki. Adhana ikianza navuta blanketi kichwani, na mtu mzima mimi. Nilijiambia kila aina ya jambo: kwamba hakujua kwa hiyo hana dhambi, kwamba utando umeshayeyuka, kwamba nikimwambia ataacha kuadhini na mimi ndiye nitakayekuwa nimeinyamazisha sauti ile. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nayatafuta kwa sababu niliogopa. Wewe ulinifundisha mficha uchi hazai. Ulinifundisha pia, tangu sijaanza madrasa, kwamba Mungu hafanywi shahidi wa kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. Nilikumbuka yote mawili nikiwa nimechelewa, ndiyo tabia yangu.

Jumamosi moja nilitoka kazini mapema. Nikapita mlango wa mbele. Alikuwa anapiga mikunjo ya sketi za shule, amejaza pini kwenye kola badala ya mdomoni, kwa sababu Daktari alimkataza. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Sikuzunguka, ningezunguka ningepotea.

"Mzee, ile ngozi niliyokuapia ni ya ng'ombe, haikuwa ng'ombe. Ilikuwa nguruwe. Sikusoma boksi."

Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio. Ulisimama. Alinitazama, akatazama sketi, akaondoa pini moja akaichoma kwenye mto wa pini. Mkono wake ukaenda mdomoni, vidole viwili, akashika meno yake ya mbele. Mama, sitasahau mkono ule.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu." Akachomoa pini nyingine kwenye kola. "Umekuwa ukipita hapa ukinisalimia."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nikienda pale juu kuita watu."

Nilianza kulia nikimweleza kwamba daktari anasema imeshayeyuka, kwamba sasa ni mwili wake. Akaniinulia kiganja.

"Hiyo ya kwanza ni makosa ya boksi," akasema. "Hii ya wiki tatu ni yako."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akaniambia niende nikaoge, bado niko na matope ya mfereji wa nyuma.

Alasiri ile aliadhini mtu mwingine. Magharibi, mtu mwingine. Na kesho yake. Watu wakaanza kuulizana kama Mzee anaumwa, na Bi Zuhura akawajibu kifua. Siku ya tatu nilisikia amepanda gari kwenda Nanyuki, kuna shehe huko kati ya wafanyabiashara wa mifugo, anamwamini kuliko wote. Mimi nilijifungia. Nikaanza hata kukunja nguo zangu, nikisema akirudi ataniambia nihame.

Akakaa huko siku mbili. Alirudi jioni. Sikumwona akirudi. Nilikuwa nasonga ugali, magharibi ikaingia, na ile sauti ikaanza, ya kwake mwenyewe. Alipofika kwenye "falah" ilitoka safi kama maji. Niliacha mwiko kwenye sufuria nikakaa chini. Ugali uliungua wote.

Baadaye alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje, hakuingia. Akasema shehe amemwambia aliyefanya bila kujua hana lawama, na kilichogeuka kuwa mfupa na nyama yake ni chake, aswali, aadhini, amshukuru Mungu. "Nimekuambia ndio usiendelee kukonda," akasema, akaondoka. Nikazikunjua nguo zangu.

Kazini pia mambo yamebadilika. Daktari Nyambura aliwaandikia watafiti barua kali kuliko nilivyomdhania, na akakaa na kila mgonjwa aliyewekwa kitu cha shehena ile, mmoja mmoja. Si sisi Waislamu tu. Kuna mama mmoja wa Tetu, Msabato, nao pia hawagusi nguruwe, aliyelia kuliko wote. Sasa wametuletea utando wa kutengenezwa maabara tu, hauna mnyama ndani, na kazi ya kusoma boksi mbele ya mgonjwa kwa Kiswahili, neno kwa neno, ni yangu. Wawili wa Majengo hawajarudi tena kliniki. Mmoja nilimwona sokoni, shavu limevimba, akageuza uso. Siwalaumu.

Kwa hiyo ukiniuliza tena una nini, hicho ndicho nilichonacho. Idi sitaweza kuja, likizo yangu Daktari ameisogeza mpaka mwezi wa kumi. Usihuzunike. Nitalala siku tatu mfululizo nikifika, mniache tu.

Nisalimie kaka Juma na mkewe, wamwambie mwana wao wa kwanza wa kiume aache kukata miti ya mpaka. Mnong'oneze mjomba Hamisi kwamba tumbaku yake ndiyo inayomtikisa meno, na nikija nitamkalisha kitini apende asipende. Shangazi mpe mkono wangu. Bibi mbusu kwenye fizi zake, mwambie nilikosea, haukuwa uzee. Na wewe funga huo mkaja.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna moja ambalo sijampa mtu yeyote.

Ijumaa hii nilipika pilau. Unajua tangu nije hapa kila nikipika namtolea Mzee sahani yake, na kwa miaka minne anaipokea, anasema bismillahi, anakula kabla sijamaliza kukaa. Nikampelekea barazani. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akaitazama. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Hii nyama ulinunua wapi?"

Nikamwambia bucha gani. Nikamwambia jina la aliyechinja. Nikamwambia nilisimama pale nikaona. Sikuapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaita aletewe maji, akanawa mikono.

Alikula, Mama, akamaliza sahani yote. Lakini aliuliza.

Niombee. Ni mimi mwanao,

Mishi